Kasuku Aliyeitwa Bubu

Soko la Kadutu siku ya Jumamosi halina adabu. Utakanyagwa, utasukumwa, utamwagiwa maji ya dagaa wa ndakala, na ukilalamika utaambiwa ubaki nyumbani kwako. Hayo yote Nsimire alikuwa ameyazoea. Jambo ambalo hakulizoea, wala hakutaka kulizoea, ni kupigiwa mluzi na mwanamume nyuma ya mgongo wake.

Mluzi wenyewe ulikuwa wa sauti mbili, moja ya chini, moja ya juu, mluzi wa mtu anayeita kilicho chake. Nsimire alisimama palepale katikati ya wauza chumvi. Alikuwa amejifunga vikwembe vya manjano vyenye maua mekundu, blauzi ya libaya yenye mikono mipana, na kitambaa cha kichwa kilichokazwa mpaka ncha moja ikachungulia juu ya sikio, kwa maana ndivyo wasichana wa Kadutu walivyofunga mwaka ule. Akageuka.

Nyuma yake alikuwa kijana mrefu mwenye tai, viatu vyake vizuri vimejaa matope, amekumbatia kitu kikubwa kilichofunikwa kwa koti lake.

"Weye! Unanipigia miye muluzi? Unaniona kama mbuzi?"

"Samahani, mademoiselle. Si miye."

"Ni nani basi?"

"Ni ndege."

Wauza chumvi wakaangua kicheko. Nsimire hakucheka.

"Nioneshe hiyo ndege."

Kijana akafunua koti. Ndani ya tundu la fito alikaa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na kifua chake kilikuwa ngozi tupu kama cha kuku aliyenyonyolewa nusu. Alimtazama Nsimire kwa jicho moja, akafunga mdomo.

"Mwambie apige tena."

"Piga," kijana alimsihi ndege. "Tafazali, piga kidogo tu."

Ndege kimya.

"Muone mwanaume na tai yake!" mama mmoja wa chumvi akapaza sauti. "Anasingizia ndege!"

Kijana aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Nsimire alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kumpa maneno yake, lakini macho yakamrudi kwenye kile kifua kitupu. Kazi yake ilikuwa maternité, hospitali ya uzazi ya masista, kuwafunga nguo watoto waliozaliwa usiku, na kitu kilicho uchi na kinachotetemeka hakuweza kukipita.

"Juu ya nini hana manyoya?"

"Anajinyofoa mwenyewe. Nimepewa leo, sijui juu ya nini."

"Ametoka wapi?"

"Shabunda. Kwenye pori, kwenye joto."

"Na weye unamusimamisha hapa kwenye upepo wa ziwa! Utaua mutoto wa batu." Akavua kitambaa cha mabegani, akalifunika tundu, akakaza ncha. "Hii kitambaa ni yangu, utairudisha. Maternité, uliza Nsimire. Na ile muluzi, bado naamini ni weye."

Akaondoka na kitunga chake cha maharage. Kijana alibaki kumtazama mpaka ncha ya kile kitambaa cha kichwa ikapotea kati ya watu.

Jina lake Donatien. Alikuwa mtu wa simu pale posta, mmoja wa wale waliokaa siku nzima na vyuma masikioni, wakichomeka na kuchomoa nyuzi, kuunganisha Bwana huyu na Bwana yule. Alijisifu kwamba hakuna sauti katika Bukavu asiyoijua. Wazungu ndio kwanza walikuwa wamekubali kuuita mji Bukavu, jina tulilouita sisi siku zote, na bado wengine walipiga simu wakiomba Costermansville. Donatien aliwajua kwa kikohozi tu.

Ndege alipewa na muzee Edouard, rafiki wa marehemu baba yake, aliyefanya kazi naye kwenye dhahabu kule Shabunda. Edouard alikuwa ametoka kumaliza matanga ya mke wake. Alishuka kwenye kamio, lori lililokuja na mizigo, akampa Donatien tundu mkononi bila hata kukaa, akasema, "Mulishe ngazi za muchikichi na karanga. Mufunike usiku. Hapana kumufundisha kusema, hasemi, ni bubu." Kisha akapanda tena kwenye kamio, akageuza uso upande mwingine. Donatien aliona ni huzuni ya mjane, akaheshimu, hakuuliza.

Kwa hiyo kasuku akaitwa Bubu.

Siku chache baadaye simu ya maternité ililia, na kwa kuwa sista alikuwa kwenye misa, Nsimire akaishika.

"Allô, maternité? Hapa poste. Kuko mutu anataka kusema na mademoiselle Nsimire."

"Mutu gani?"

"Mwenye ndege."

"Kitambaa yangu iko wapi?"

"Bubu ameikalia. Nikiivuta ananiuma. Naomba ruhusa yako nimuachie, nikununulie ingine."

"Na bado anajinyofoa?"

"Bado."

"Umemuweka wapi?"

"Katikati ya salon, apate kuona nyumba yote."

"Masikini! Na weye ungependa kulala katikati ya soko? Musogeze kwenye ukuta, mugongo yake ikae salama. Hapana kumukazia macho. Ukitoka kazini, kaa karibu naye, fanya kazi yako, ujifanye hujamuona. Atakuja mwenyewe."

"Na weye je, mademoiselle? Nikijifanya sijakuona, utakuja mwenyewe?"

Simu ikakatwa. Lakini ilikatwa polepole, na mtu wa simu anajua tofauti.

Alikuja. Alikuja Jumapili baada ya misa, na shangazi yake Séraphine, mwanamke mnene mwenye rozari shingoni na macho yasiyopumzika. Tantine Séraphine alikagua nyumba ile ya matofali chumba kwa chumba. Alichungulia nyuma ya mlango, akafungua kabati, akainama kutazama chini ya kitanda. Alikuwa na sababu. Monique, dada mkubwa wa Nsimire, aliolewa na dereva mzuri, mcheshi, mwenye kuleta zawadi, na baada ya harusi ndipo ikajulikana ana mke mwingine na watoto kule Sange, kwenye barabara ya Uvira. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ukoo ule wote ulikuwa umeumwa.

"Hapa unakaa na nani?" Séraphine aliuliza.

"Na Bubu, tantine. Sisi wawili tu."

"Ndege hasemi?"

"Hasemi, tantine. Hata neno moja. Naapa."

Shika kiapo hicho, msomaji, kwa maana ndicho kilichokuja kumkaba koo.

Jumapili zikafuatana. Nsimire alikaa kwenye kigoda karibu na tundu, akisuka vikapu vya sista, bila kumtazama ndege, na ndege akisogea juu ya ufito hatua kwa hatua mpaka akafika kando ya bega lake. Jioni Donatien alileta mbabula, jiko la makaa, na kuiweka mbali kidogo, mlango wazi, moshi usimguse. Siku Bubu alipochukua ngazi mkononi mwa Nsimire, akaishika kwa mguu mmoja na kuila taratibu huku mafuta mekundu yakimchirizika, Donatien alipiga makofi, na Nsimire akamziba mdomo kwa kiganja.

"Kelele! Utamushitua."

"Umenishitua miye," Donatien alisema chini ya kiganja. Mkono ule haukuondoka upesi kama ulivyopaswa, na tantine Séraphine akakohoa.

Manyoya yakaanza kuota kifuani mwa Bubu, laini, ya kijivu. Donatien aliposema habari ya mahari, baba yake Nsimire kule Kabare alikubali, ng'ombe wakatajwa, siku ikawekwa baada ya Pasaka. Kilichobaki ni neno la mwisho la shangazi, kwani kwao shangazi ndiye jicho la ukoo, na shangazi akisema hapana ng'ombe hawatoki.

Kwa sababu ya ndege Donatien akampa Nsimire ufunguo, aje saa za mchana kumlisha akitoka zamu. Séraphine alikubali kwa shida, kwa sharti wawe wanakwenda wawili, yeye na Nsimire.

"Na siku nzima unasema na wanawake wa batu kwenye simu," Nsimire alimchokoza alipopokea ufunguo.

"Nawaambia 'subiri kidogo' tu."

"'Subiri kidogo' ndiyo inaanzaka hivyo."

Walicheka wote wawili. Laiti wangejua.

Jirani wa Donatien alikuwa Gaston, mshona viatu, mtu wa kukaa kutwa kwenye baraza isiyoona mlango wa Donatien, na nyundo yake na masikio yake. Jioni moja alimsimamisha Donatien njiani.

"Weye ni mwanaume wa bahati. Muchumba yako anakaa kwako mchana, anaongea vizuri, sauti tamu."

"Anakuja kulisha ndege," Donatien alisema kwa fahari.

"Eee. Na yule mwanaume anayemujibu ni nani?"

"Mwanaume gani?"

Gaston akapiga msumari mmoja, kisha wa pili. "Miye nashona viatu tu. Nasikia ukutani mwanamuke anasema, mwanaume anajibu. Leo pia, saa ya chakula. Maneno sikushika. Nilifikiri unajua."

Donatien hakulala. Asubuhi alimpigia Nsimire, akajitahidi sauti yake iwe ya kawaida.

"Jana ulipita nyumbani, chérie?"

"Jana hapana. Kulikuwa mama mwenye mapacha, sikutoka hata kidogo. Bubu amekula?"

"Amekula," Donatien alijibu. Kama hakupita, sauti ya mwanamke ilikuwa ya nani? Na kama alipita bila shangazi yake, kwa nini aseme uongo? Mtu mwenye wivu hana haja ya ushahidi mwingi. Akiupata nusu, nusu nyingine anaishona mwenyewe.

Siku ya pili yake Nsimire na shangazi yake walipanda kwenda kumlisha Bubu. Mvua ilikuwa imekatika, bati zinatiririka. Nsimire alikuwa na karanga za kuchemsha ndani ya jani la mgomba. Alipofika mlangoni na ufunguo mkononi, alisikia ndani mwanamke akisema, kwa sauti ya upole, sauti ya mwenye nyumba:

"Kuya kula, bwana. Bugali inapoa."

Karanga zikamtoka mkononi. Séraphine alikuwa amesikia pia, alikwisha kushika rozari.

"Fungua," alisema. "Fungua upesi."

Nsimire akafungua. Salon tupu. Chumba cha kulala kitupu. Mlango wa nyuma, wa kwenda uani, unapigapiga kwa upepo, kwa maana komeo lake lilikuwa bovu tangu zamani. Bubu alikaa juu ya ufito wake, kimya, anawatazama kwa jicho moja.

"Amepita huku," Séraphine alisema, akionyesha mlango wa nyuma.

"Labda ni ndege, tantine," Nsimire alisema kwa sauti ndogo.

"Ndege gani? Mwenyewe aliapa mbele yangu kwamba ndege hasemi! Miezi yote hii umemusikia akisema?"

"Hapana."

"Basi. Sange ingine hii, mwanangu. Sange mlangoni kwetu."

Jioni ile Donatien alikuja kwa Séraphine na shati safi, na maswali yake moyoni. Walimsimamisha barazani.

"Huyo mwanamuke wako ni nani?" Nsimire aliuliza.

"Mwanamuke gani? Miye ndiye nilikuja kuuliza. Huyo mwanaume ni nani?"

"Mwanaume?"

"Anayekaa na weye kwenye nyumba yangu saa ya chakula! Nimekupa ufunguo ya kulisha ndege, si ya kualika batu!"

"Yesu Maria! Unasikia, tantine? Nimemukamata na mwanamuke, na yeye ananitwika mwanaume!"

"Umenikamata? Nilikuwa poste!"

"Weye ulikuwa poste, yeye alikuwa kwako anapika bugali! Nimemusikia kwa masikio yangu!"

"Labda ni ndege basi," Donatien alisema kwa dhihaka, kwa kuwa hasira ilikuwa imempanda. Na hilo ndilo lililomaliza.

Nsimire alichukua ufunguo, akautupa miguuni pake. Machozi yalikuwa yakimtoka, hakuyafuta. "Siku ya kwanza uliniambia ni ndege. Leo tena ni ndege. Enda na ndege yako."

Séraphine akasema habari itafika Kabare baada ya misa ya Jumapili, na kwamba ng'ombe wakae huko waliko.

Mimi huwa nasema, mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nsimire alikwenda kazini na macho mekundu, akawaambia masista ni moshi. Donatien alichanganya nyuzi, akamuunganisha Bwana mmoja na bucha badala ya mkewe. Alipiga maternité.

"Allô, maternité? Nsimire, ni miye."

"Hapa ni maternité. Kama hauna mimba, kata simu."

Nsimire akakata mwenyewe. Kesho yake Donatien akapiga tena.

"Hapana kukata. Si juu yangu. Ni Bubu."

"Amefanya nini?"

"Anajinyofoa tena. Kifua, sasa na mabega. Damu inatoka."

"Umemufunika usiku?"

"Nimemufunika. Anakutafuta. Anaangalia mlango."

Donatien alisikia pumzi yake ikikatikakatika. Alijua kila sauti ya mji ule, na hiyo ya mwanamke anayejizuia kulia ilimuumiza kuliko matusi.

"Amulishe yule mwanamuke wako," Nsimire alisema, na simu ikakatwa, safari hii kwa nguvu.

Aliyelikata fundo ni yuleyule aliyelifunga. Tantine Séraphine, Ijumaa, alipeleka kiatu chake kwa Gaston kushonwa kisigino, apate kukisikia kile alichotaka kukisikia.

"Muchumba yake hajaacha kuja," Gaston alisema. "Leo tena, na mwanaume wake. Kila siku saa ya chakula."

Séraphine akaacha kuhesabu shanga. "Leo? Leo nimekula na Nsimire kwenye meza moja. Na ufunguo hana tena."

"Basi ni Donatien na mwanamuke wake."

Séraphine hakuwa mtu wa kuambiwa. Kesho yake kabla ya saa ya chakula alikwenda mpaka posta, akasimama karibu na dirisha la stempu, akanyoosha shingo. Donatien alikuwa ndani, vyuma masikioni, amekonda, anasema "subiri kidogo" kwa sauti ya mtu anayezikwa. Alimtazama mpaka saa ya chakula ikapita. Halafu akapanda Kadutu jua kali, akapitia kwa Gaston.

"Na leo?"

"Na leo, mama. Wote wawili."

Sasa hata yeye akaogopa. Nyumba imefungwa, mwenye nyumba yuko kazini, mchumba yuko kwake, na ndani watu wawili wanakula. Jumapili ilikuwa kesho, na habari ya Kabare ilikuwa bado ulimini mwake. Akatuma watu wawaite wote wawili.

Jumapili baada ya misa, Donatien akafunga mlango wa mbele kwa kelele, akasema "Naenda" kwa sauti kubwa, akazunguka nyumba kimyakimya. Chini ya dirisha walikuwa wamechuchumaa Nsimire, Séraphine, na Gaston na nyundo yake. Nafasi ilikuwa ndogo. Bega la Donatien likaligusa la Nsimire.

"Sogea," Nsimire alinong'ona.

"Pa kusogea hakuna."

"Leo utamuona mwanamuke wako."

"Na weye mwanaume wako."

"Nyamazeni," Séraphine alisema.

Walingoja. Kengele ya kanisa ililia saa sita. Ndipo kutoka ndani ukatoka mluzi, sauti mbili, moja ya chini, moja ya juu. Nsimire akamshika Donatien mkono bila kujua. Ulikuwa mluzi wa sokoni, na Donatien alikuwa hapa kando yake, mdomo umefungwa.

"Edouard?" mwanamke akasema ndani. "Ni weye? Kuya kula, bwana. Bugali inapoa."

"Nafika, Martine," mwanamume akajibu.

Kijiko kikagonga sufuria. Halafu yule mwanamke akaanza kukohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, kikohozi cha chini kabisa, chenye maji.

"Huyo mutu ni mugonjwa," Nsimire alinong'ona. "Kifua. Mugonjwa sana."

Gaston akainua nyundo, Donatien akamzuia. Uso wa Donatien ulikuwa umebadilika. Ndani, kikohozi kilitulia, na ile sauti ya upole ikasema, sasa imechoka, "Hapana kulia, Edouard. Nitapona." Kisha akasikika mwanamume akilia, kwa kwikwi ndogondogo, kilio cha mtu asiyetaka mgonjwa amsikie.

Donatien alisimama, akachungulia kwenye ufa wa dirisha. Akamvuta Nsimire naye achungulie.

Hapakuwa na mtu. Bubu alikuwa peke yake juu ya ufito, ameugeukia ukuta, kifua kitupu, mabega yanavuja damu. Alikuwa akilia kwa sauti ya Edouard.

"Martine ni bibi yake, muke wa muzee," Donatien alisema. "Alikufa wakati wa mvua. Sikumusikia siku hata moja, sauti yake sikuijua. Lakini ile ya muzee naijua. Aliniambia ndege ni bubu."

"Anasema akiwa peke yake tu," Nsimire alisema. "Saa ya chakula. Anawaita."

Gaston akaitua nyundo chini, akavua kofia.

Séraphine alijipiga ishara ya msalaba mara kadhaa. "Nimeelewa," alisema. "Vitu vya marehemu vinagawanywaka matanga ikiisha. Nguo, sufuria. Muzee aligawa na sauti ya marehemu, akaogopa kusema, nani angeipokea? Lakini bibi arusi haingii kwenye nyumba yenye sauti ya marehemu. Ndege atoke, Donatien. Atoke leo, na Kabare nitasema yote ni sawa."

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani, na Donatien aliuona. Kwa neno moja angempata Nsimire.

"Tantine," alisema, "nakuheshimu. Lakini huyu amekwisha kutolewa mara moja."

"Basi utachagua."

"Hachagui," Nsimire alisema. Bado alikuwa ameshika mkono wake. "Miye ndiye nachagua. Tantine, kila siku huyu anaita batu wake waje kula, na hakuna anayejibu. Njo maana anajikula mwenyewe. Ulimsikia yule mama? Alikuwa anakufa, na bado anasema bugali inapoa. Sauti kama hiyo itaniletea ubaya gani? Miye nataka kuifuata."

Séraphine alimtazama mtoto wa kaka yake kwa muda. Akafuta macho kwa ncha ya kikwembe. "Kifua yake inataka mafuta ya mawese," alisema mwishowe, kwa ukali. "Munasimama tu."

Donatien akatoa ufunguo mfukoni, akaushika mbele ya Nsimire.

"Uliniwazia mwanamuke," alisema.

"Na weye uliniwazia mwanaume."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini ile muluzi ya sokoni, kweli haikuwa weye?"

"Haikuwa miye, chérie."

"Basi ni hasara yako," Nsimire alisema, akachukua ufunguo.

Ng'ombe walitoka baada ya Pasaka, na sherehe ikafanywa nyumbani kwa Donatien. Donatien hakuwa na baba wa kusema kwa ajili yake, kwa hiyo aliyeitwa ni muzee Edouard. Alikuja kwa kamio, amevaa suti nyeusi iliyokuwa imempwaya, akasema maneno yote ya wazee bila kukosea. Lakini tangu aingie hakugeuza kichwa kule kwenye ukuta lilipokuwa tundu. Watu walijaa mpaka uani. Nsimire alikuwa na vikwembe vyeupe na buluu, shanga shingoni, anapita na sahani. Alimwekea Edouard bugali na samaki wa ziwa, akaona hakuvigusa.

Bubu alikuwa na kifua kizima sasa, cha kijivu, kilichojaa. Kila siku saa sita Nsimire alimjibu kutoka upande wa pili wa mlango, "Nafika," naye alikuwa amejifunza kusema mbele ya mlango uliofungwa nusu. Mbele ya watu, bado hata neno.

Mwishowe muzee akainuka. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya tundu, mikono nyuma, ndege akamtazama kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto. Sijui kama muzee alikusudia. Nafikiri midomo yake ilikwenda yenyewe, kama ilivyokwenda jioni zote alizorudi kutoka kwenye dhahabu. Alipiga mluzi, sauti mbili, moja ya chini, moja ya juu.

Bubu akashuka ufito, akaja mpaka mbele.

"Edouard?" akasema Martine, mbele ya wageni wote. "Ni weye? Umekula?"

Muzee alifungua mdomo, machozi yakishuka mpaka kwenye tai. Akageuka kuitazama sahani yake kule mezani.

"Bado, Martine," alijibu.

Akarudi mezani. Nsimire akammwagia maji mikononi, akanawa, akamega bugali, akala, kwanza polepole, halafu kama mtu mwenye njaa ya siku nyingi. Tantine Séraphine akamsogezea samaki aliye mnene zaidi.

Nsimire akainua macho. Kule karibu na mlango Donatien alikuwa amesimama na tai yake, anamtazama muzee, mikono mitupu.

"Na weye, bwana?" akamwita. "Umekula?"

"Bado."

"Kuya basi," Nsimire alisema. "Bugali inapoa."